Marejeo ni Ngamani: Bombay ya Wapagazi wa Bagamoyo

Malori yatokayo bandarini Dar es Salaam kwenda bara husimama Vigwaza. Hapo pana mizani, na kila lori lenye shehena hupanda juu yake, uzito ukasomwa, na dereva akaruhusiwa au akazuiwa. Mto Ruvu hauko mbali na hapo. Unashuka kutoka milima ya Uluguru, unalipita bonde lake pana, na kuingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 huuita Kingani katika sehemu zake za chini. Kabla ya reli na lami, njia za misafara zililikata bonde hilo kuelekea Unyamwezi na maziwa makuu, na mizani ya zama hizo ilikuwa bega la mtu. Mzigo ulikadiriwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, na mpagazi aliyekomaa alibeba frasila mbili kwa mwendo wa miezi.

Mwezi wa Februari 1874 msafara mmoja uliteremka kutoka bara na kuingia Bagamoyo ukiwa na mzigo ambao hakuna frasila iliyoweza kuukadiria. Kwa macho ulikuwa robota la nguo. Ndani yake mlikuwa na mwili wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wapagazi wake walikuwa wameubeba kwa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600. Mwili ulilazwa katika kanisa la mapadri wa Roho Mtakatifu, kisha ukachukuliwa na manowari ya Kiingereza hadi Unguja, na kutoka hapo hadi London. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Jiwe la kaburi lasema kwamba mwili uliletwa na mikono yenye uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono hiyo ilikuwa ya nani, jiwe halisemi.

Majina yanajulikana. Walioongoza msafara ule ni Abdalla Susi na James Chuma, na mshika kalamu wao alikuwa Jacob Wainwright. Watu hawa watatu walikuwa na jambo moja la pamoja ambalo wasimulizi wengi hulipita kwa sentensi moja: wote waliwahi kuishi ugenini Bara Hindi kabla ya safari hiyo. Wawili waliishi Bombay, na wa tatu alisoma karibu na Nasik, mji ulio upande wa bara wa Bombay. Waandishi wameusifu mno uaminifu wao. Lakini uaminifu peke yake haumfundishi mtu namna ya kuvusha maiti kilomita 1,600 katika nchi za watu wasioitaka ipite kwao. Hapo lazima pawe na maarifa, na maarifa yana mahali yalikopatikana.

Kwa mtu wa pwani, Bombay haukuwa mji wa mbali kama ramani inavyoonyesha. Kusi lilipoanza kuvuma, vyombo vilitoka Unguja na kushika njia ya kaskazini mashariki. Kaskazi liliporudi, vilirejea na nguo, vyombo vya shaba, mchele na watu. Kaniki iliyovaliwa bara ilitoka Bara Hindi. Pembe na karafuu zilikwenda huko. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch. Mjini Bagamoyo wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliowakopesha wenye misafara mali ya kwendea bara. Mashuhuri kati yao baadaye alikuwa Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake lingali linatajwa kwa shule aliyowajengea wenyeji. Mtu aliweza kuzaliwa Bagamoyo, akafa Bagamoyo, na siku zote akawa amevaa, amekula na amekopa kwa hesabu zilizofungwa Bombay.

Wako pia waliokwenda wenyewe, na si wote waliokwenda kwa hiari. Mgeni wa pwani aliyejulikana zaidi mjini humo ni Seyyid Barghash bin Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid, akashindwa kwenye shamba la Marseilles baada ya Waingereza kuingilia kati. Akahamishiwa Bombay pamoja na mdogo wake Abdulaziz, akakaa huko hadi 1861. Dada yao, Bibi Salme, aliyahadithia mambo hayo katika kitabu chake cha kumbukumbu. Ulikuwa uhamisho, yaani adhabu; lakini adhabu ya kumtia kijana wa kifalme katika mji mkubwa wenye macho mengi inaweza kugeuka kuwa chuo. Barghash aliushika utawala mwaka 1870, akafariki 1888. Katika miaka hiyo aliuletea mji wa Unguja maji safi ya mfereji kutoka chemchemi, akajenga majumba ya Marhubi na Chukwani, na mwaka 1883 akaisimamisha Beit al-Ajaib juu ya nguzo za chuma. Akanunua meli za moshi zilizosafiri baina ya Unguja na Bombay. Wanahistoria wengi wameuona mkono wa Bombay katika kazi zake. Mfalme hurejea na mji aliouona, kwa sababu anayo hazina ya kuujenga upya nyumbani. Kazi yake huonekana, na hata ikianguka huonekana: sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mji mzima ulisimama kuitazama.

Mpagazi hurejea na nini? Hana mawe wala chuma. Anarejea na alivyovibeba kichwani.

Wa kwanza kulidhihirisha hilo ni mtu ambaye jina la mji lilimganda mpaka kufa. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa na kupelekwa Gujarat, kaskazini ya Bombay. Huko alitumika miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akapata uhuru wake. Akarejea Unguja, akaingia askari wa Sultani. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipokuwa wakijiandaa kwenda bara, walimpata akiwa kwenye kambi ya askari upande wa Pangani. Speke hakuwa na Kiswahili cha kumfaa. Alikuwa amehudumu katika jeshi la Bara Hindi na alijua Kihindustani. Mubarak naye alikijua. Basi safari iliyowafikisha Wazungu hao Tanganyika, na Speke Nyanza, ilikwenda kwa amri zilizotolewa kwa Kihindustani na kugeuzwa Kiswahili na mtu huyu mmoja. Lugha aliyoipata utumwani ikawa mtaji wake. Alirudi bara na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron kutoka Bagamoyo mwaka 1873 mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Jiografia cha London kilimtunza nishani ya fedha. Akafariki mwaka 1885.

Abdalla Susi na Chuma waliufikia mji huo kwa njia nyingine. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi, aliyeajiriwa kukata kuni na kufanya kazi ya chombo. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, kwenye nyanda za juu za Shire. Mwaka 1864 safari ya Livingstone ya Zambezi ilipofungwa, alibaki na meli ndogo ya moshi, Lady Nyassa, yenye urefu wa futi 115, iliyojengwa kwa ajili ya ziwa na wala si kwa bahari kuu. Wareno walitaka kuinunua, naye akakataa kwa kuhofia ingetumika kubebea watumwa. Akaamua kuipeleka Bombay kuiuza. Tarehe 30 Aprili 1864 alitoka Unguja akiwa na Wazungu watatu, wanaume saba wa Zambezi ambao hapo kabla hawakuwa na habari ya bahari, na vijana wawili: Chuma na mwenziwe Wikatani. Miongoni mwa wanaume wa Zambezi walikuwamo Susi na Amoda. Bahari ilitulia kwa siku nyingi, wakasimama hapo pasipo upepo wa kutosha. Kisha kusi likawasukuma. Tarehe 13 Juni, baada ya siku 45, wakaingia Bombay, na meli ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyejua kuwa imefika.

Livingstone alikwenda zake Uingereza baada ya siku chache. Susi na Amoda wakaachwa wafanye kazi bandarini. Chuma na Wikatani wakakabidhiwa kwa Dk. John Wilson, mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa Bombay tangu 1829, mwenye shule na mjuzi wa dini za Kiparsi na mapango ya kale ya ibada. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bombay haikuingoja siku ya tatu.

Mji waliouingia ulikuwa katika mwaka wake wa wazimu. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe tangu 1861, pamba yake haikufika Uingereza, na viwanda vya Lancashire viliigeukia pamba ya Bara Hindi. Fedha ikamiminika Bombay kama mafuriko. Hesabu ya watu ya mwaka 1864 ilikuta zaidi ya 800,000, mji ulioimeza mara nyingi Unguja ya wakati ule. Gavana, Sir Bartle Frere, alikuwa ameamuru kuta za ngome ya kale zibomolewe ili mji upumue. Palikuwa na makampuni ya kuifukia bahari na kuifanya kiwanja, na hisa zake ziliuzwa na kununuliwa kabla hata ya udongo kumwagwa. Garimoshi lilikuwa likienda tangu 1853, kwanza hadi Thane, kisha likipanda milima ya Ghat kuelekea bara.

Lakini aliyekaa gatini aliuona mji kwa upande wake wa chini, na upande huo ndio wenye watu. Huko marobota ya pamba yalishindiliwa, yakafungwa, yakapakiwa. Marobota ya nguo yalipakuliwa, mengine yakiwa njiani kwenda Unguja na Bagamoyo. Kimarathi, Kigujarati, Kihindustani, Kikonkani na Kiarabu vilisemwa kwenye gati moja. Waparsi walikuwa mafundi wa merikebu na wenye mali. Mabohora na Makhoja na Mamemon walikuwa na maduka yao, Mabaniani na daftari zao. Mwenye kutoka gatini siku ya Ijumaa aliweza kufuata adhana kama alivyoizoea mtu wa pwani yoyote, ama kwenda Mahim kwenye kaburi la Makhdum Ali, mwanachuoni aliyefariki karne ya 15, ama kuliona kaburi la Haji Ali juu ya mwamba, ambalo njia yake hufunikwa bahari ikijaa na hufunuka ikitoka. Karibu na bahari, Walkeshwar, palikuwa na ziwa takatifu la Wahindu liitwalo Banganga; na ng'ambo ya bandari, kisiwani Gharapuri, yamo mapango yenye miungu iliyochongwa katika jiwe, makubwa kuliko nyumba.

Na hawakuwa Waafrika peke yao mjini humo. Waliitwa Masidi wale wenye asili ya Afrika waliotawanyika katika pwani ile. Wengi wao walikuwa mabaharia na wachochea moto katika meli za moshi. Kusini ya Bombay, kwenye ngome ya kisiwa cha Janjira, Masidi walikuwa watawala, na ukoo wao ulitawala mpaka 1948. Katika Gujarat, kwenye ziara ya Bava Gor, Masidi wangali wakicheza ngoma yao mpaka leo, na neno wanaloitumia ni goma. Kijana wa Zambezi aliyekuwa akijiona yuko mwisho wa dunia aliweza kusikia, nyuma ya kelele za makuli, kitu cha kwao kilichofika kabla yake kwa karne kadhaa. Masomo ya mji huo hayakuhitaji ubao wala chaki. Mtu alijifunza kwamba cheo cha Mwafrika hakiko sawa kila mahali: huku mtumwa, kule baharia, kule nawabu.

Chuma na Wikatani waliyapata masomo ya ubao pia. Walisoma kwa Wilson, na Desemba 1865 wakabatizwa; Chuma akawa James, Wikatani akawa John. Susi hakubatizwa wakati huo. Yeye alikuwa Mwislamu, na alibaki na jina lake la Abdalla.

Safari ya garimoshi kutoka Bombay kupanda Ghat iliishia karibu na mahali pengine pa wageni wa Afrika. Kando ya Nasik, mji wa mahujaji wa Kihindu kwenye mto Godavari, wamisionari wa Kiingereza walikuwa na kijiji cha Sharanpur, jina lenye maana ya mji wa kimbilio. Waafrika waliokamatwa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa waliletwa huko wakiwa watoto. Walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uhunzi na uashi. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na walikua pamoja wakisema Kiingereza na Kihindustani chini ya kengele ya shule. Livingstone aliporudi Bombay Septemba 1865, aliwachukua vijana 9 kutoka huko. Lady Nyassa ikauzwa kwa pauni 2,300, nayo ilikuwa imemgharimu kiasi cha pauni 6,000. Wakati huo vita vya Marekani vilikuwa vimekwisha, bei ya pamba imeanguka, na waliokuwa matajiri jana walikuwa mahakamani. Fedha ya meli aliiweka katika benki mjini humo, na benki ikaanguka nayo. Ikiwa Bombay ilimfundisha mtu wa gatini jambo moja la mwisho, basi ni hili: mali yaweza kuandikwa na isiwepo.

Tarehe 3 Januari 1866 waliondoka Bombay kwa meli ya Thule, ambayo Frere alimpelekea Seyyid Majid kama zawadi, wakafika Unguja tarehe 28. Kukaa kwao mjini kulikuwa kumechukua mwaka mmoja na nusu. Machi 1866 walishuka Mikindani na kuanza safari ya bara. Msafara ulikuwa na askari wa Kihindi 13, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 wa Nasik, na Susi, Amoda, Chuma na Wikatani. Askari walirudishwa, Wanzwani wakakimbia, wengine wakafa au wakajitenga; Wikatani alibaki upande wa Ziwa Nyasa. Hata miongoni mwa watu wa Nasik walioendelea hadi mwisho walikuwa wawili tu, kwa hiyo si halali kudai kwamba shule ilimfanya kila mtu mvumilivu. Hata hivyo hesabu ya mwisho inasema kitu. Mwaka 1873, waliobaki kati ya walioanza na Livingstone mwaka 1866 walikuwa watano: Susi, Chuma, Amoda, Gardner na Mabruki. Watatu walikuwa wamepitia Bombay, wawili Nasik. Kisha mwaka 1872 walikuwa wameongezewa nguvu ya watu kutoka pwani, na katika hao walikuwamo vijana wengine wa Nasik: Jacob na John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar na wenzao.

Ndipo ilipokuja asubuhi ya kijiji cha Chitambo. Livingstone alikuwa amekufa, na hakuna mtu aliyekuwepo mwenye amri juu yao. Wangeweza kumzika hapo na kugawana nguo na bunduki. Waliketi baraza, wakawachagua Susi na Chuma wawaongoze. Vitu vya marehemu vilihesabiwa mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright akaviandika orodha. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti. Jacob akasoma sala na kuchonga maandishi katika gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani wiki mbili, ukafungwa kwa nguo, ukatiwa ndani ya gamba la mti na kushonewa kwa turubai.

Tuitazame orodha ile. Kwa nini watu walio katikati ya Afrika, na njaa mbele yao, waanze kwa kuhesabu na kuandika? Kwa sababu walijua watakakofika. Walijua kwamba pwani kuna ofisi ya balozi, na kwamba katika ofisi neno la mtu mweusi lisilo na karatasi halina uzito. Walijua kwamba bila ya mwili wataambiwa wamemtupa bwana wao, na bila ya orodha wataambiwa wamemwibia. Hayo ni maarifa ya mtu aliyewahi kuishi mahali ambapo kila robota lina alama yake na kila alama iko daftarini. Uaminifu ulikuwepo, hapana shaka. Lakini uliambatana na akili ya bandari.

Walipofika Unyanyembe Oktoba 1873 walikutana na Cameron, ambaye aliwashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walipinga maiti kupita katika nchi yao. Wakubwa wa msafara wakatengeneza maiti ya uongo: mabua ya mtama yaliyokatwa kwa urefu wa mtu na kuvishwa nguo. Watu sita wakaondoka nayo kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika, na usiku wakayatupa mabua msituni. Huku nyuma mwili wenyewe ulitolewa katika gamba, ukafungwa upya kwa umbo la robota la kawaida la nguo. Ni vigumu kuisoma habari hii bila ya kuikumbuka gati ya Bombay na kazi aliyoachiwa Susi huko. Kitu kinachopita kila mpaka katika njia ya misafara bila kuulizwa ni robota la nguo, na watu hawa walijua robota linavyofungwa.

Hivyo ndivyo walivyoingia Bagamoyo Februari 1874. Pamoja nao walikuwa wanawake waliotembea njia ile ile, akiwamo Halima, mke wa Amoda, aliyekuwa mpishi wa safari. Bagamoyo wakatengwa na mzigo wao. Walilipwa mishahara, na wengi wakatawanyika. Jacob Wainwright alipelekwa Uingereza kwa gharama za wamisionari, akawa Mwafrika pekee kati ya wanane walioshika jeneza Westminster. Daftari lake la safari lilichapishwa mwaka uleule kwa tafsiri ya Kijerumani. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko. Waliketi na Horace Waller kijijini Twywell wakimsaidia kuziweka sawa karatasi za mwisho za Livingstone, zilizotoka kitabuni mwaka huohuo. Chama cha Jiografia kilitengeneza nishani 60 kwa ajili ya wapagazi. Zilipofika, wengi wa waliostahili hawakuonekana tena.

Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mabaharia husema hivyo kwa sababu katika chombo hakuna pengine pa kurejea. Barghash alirejea kwenye kiti cha enzi. Hawa walirejea kazini. Chuma aliongoza misafara ya wamisionari na ya Joseph Thomson, akafa Unguja mwaka 1882, umri wake kiasi cha miaka 32. Susi alikwenda na Stanley hadi Kongo. Mwaka 1886 akabatizwa Unguja na kuchagua jina la David, akafariki mwaka 1891. Jacob Wainwright alifia Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington aliishi Mombasa hadi 1935, katika jamii ya watu wa Nasik waliohamishiwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na kupewa jina la yuleyule gavana aliyezibomoa kuta za Bombay.

Bombay nayo tangu 1995 huitwa Mumbai. Mnara wa kanisa la kale la Bagamoyo unaitwa Mnara wa Livingstone, na wageni huonyeshwa mahali mwili ulipolazwa. Jina hilo si kosa. Lakini aliyelazwa humo alikuwa ameshakufa miezi tisa, na barabarani Vigwaza malori yangali yakipimwa kwa tani, huku bega lililoutangulia mzani likiwa halina hata kibao. Mwenye kuupita mnara ule akitaka kuwataja waliomleta, basi awataje kwa majina: Abdalla Susi, James Chuma, Amoda, Edward Gardner, Mabruki, Jacob Wainwright, John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar, na Halima.